Droni Yangu Kwenye Kumuse

Heri mnisikie mimi kabla watu wa kwetu Misikhu hawajawasimulia. Droni ile niliiunda mwenyewe Kitale, pangaboi nne, pana kama meza. Nikaja nayo kwa matanga ya mjomba, ati nipige picha. Ukweli ni kwamba nilitaka kuonekana.

Niliiwashia katikati ya uwanja ukiwa bado wazi, nikaipaisha, nikasimama nyuma ya jikoni na rimoti. Ndipo mzee wa kumuse, ile hotuba yetu ya kimila baada ya mazishi, akaingia kutufariji. Huyo hutembea uwanjani peke yake akitaja wafu wa ukoo, na mbele yake hakatizi hata kuku.

Nilisahau jambo moja: betri ikipungua, droni hurudi yenyewe pale ilipowashiwa.

“Si uzime hiyo kitu, bana!” shangazi alininong'oneza.

Nilibonyeza kila kitu. Ikashuka ikinguruma, ikapeperusha kofia ya mzee, ikapinduka miguuni pake.



Tumboni mwa droni nilikuwa nimeandika jina langu kwa rangi nyekundu. Mzee akainama, akalisoma kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwatajia marehemu: “Wekesa.”

Mama akaanza kulia upya.