Mtu Aliyesifiwa na Mke Wangu

Najua utacheka. Majirani wamecheka, na shemeji yangu wa Pongwe alicheka mpaka akapaliwa na chai. Cheka, ukimaliza nisikilize, maana jambo hili limenipata mimi mwenyewe, barazani kwangu, hapa Mabawa, mchana kweupe, na sikuwa na homa wala sikuwa nimelewa.

Mimi ni fundi friji. Mke wangu, Mwanamvua, ni mwalimu wa Kiswahili, na jioni anawapa masomo ya ziada vijana wanaorudia mtihani wa kidato cha nne. Wao wanakaa sebuleni kwenye mkeka, mimi nipo barazani na bisibisi zangu, na kati yetu kuna pazia tu. Kwa hiyo fasihi yote anayowafundisha na mimi naisikia, nitake nisitake. Dhamira, migogoro, wahusika, niulize lolote.

Siku moja akawaletea hadithi fupi ya kutisha. Zilikuwa karatasi za kopi iliyotolewa kopi tena, jina la mwandishi limekwisha kufutika. Hadithi inamhusu mtu anayeitwa Hatibu. Huyu Hatibu hutembea jua la utosi, hubisha hodi kwenye nyumba ambazo mume yuko kazini, huomba maji, kisha hukaa akazungumza na mwenye nyumba. Kesho yake hurudi. Mwisho wake mume anafika nyumbani, mlango uko wazi, chungu kinatokota jikoni, mke hayupo na haonekani tena. Alama ya Hatibu ni moja tu: viganja vyake havina mistari.

Wanafunzi wakajibu walivyozoea kujibu. Mhusika huyu ni katili, ni mlaghai, ni mwizi wa wake za watu. Mimi huku nje nikasema moyoni, wapewe maksi zote! Lakini mwalimu hakutoa maksi.

"Someni tena," akawaambia. "Hadithi nzima, nani mwingine anayemwuliza yule mwanamke ameamkaje? Mumewe? Nionyesheni mstari."

Nikasikia karatasi zinafunuliwa mbele na nyuma.

"Basi msiniandikie kuwa dhamira ni majini. Dhamira ni upweke. Mwandishi amemchora Hatibu kwa huruma. Ana sauti ya upole, hana haraka, na ukimwambia neno leo, kesho analikumbuka."

Ndugu yangu, damu ilinichemka. Miaka yote ya ndoa yetu, Mwanamvua hajawahi kunichora mimi kwa huruma. Aliwahi kumwambia mteja mmoja kwamba mume wake anajua sana kujaza gesi. Ndiyo sifa niliyowahi kuisikia. Leo mtu wa karatasi anasifiwa sauti, anasifiwa upole, mbele ya vijana wa watu, na mimi nasikia!

Na haikuishia siku hiyo. Kila kipindi ni Hatibu. Tukila, ni Hatibu. "Unajua, leo nimewaza, pengine Hatibu mwenyewe hajui wale wanawake wanakwenda wapi." Nikaweka tonge chini. Nikamwambia, Hatibu, Hatibu, humu ndani hatuna habari nyingine?

"Hee! Umeona wivu na mtu wa hadithi, Baba Asha?" Akacheka sana.

Wallahi mimi sikucheka. Nilikuwa na wivu na sioni haya kusema. Nikaanza kumchunguza. Mbona siku ya kipindi cha hadithi ile anajifukiza udi? Mbona kanga mpya? Atasema ni kwa ajili ya wanafunzi. Mbona kipindi cha ufupisho havai kanga mpya?

Basi Jumamosi moja, mke wangu amekwenda kutoa kopi, nimekaa barazani na friji la mteja. Jua limesimama juu kabisa, barabarani hakuna mtu. Nikasikia, "Hodi." Mara moja tu. Sisi wa pwani tumelelewa tukijua kwamba hodi moja ya saa ile haiitikiwi, unangoja ya pili na ya tatu. Lakini mtu wa biashara atangoja hodi ngapi? Nikaitika karibu bila hata kuinua kichwa.

Alikuwa mwanamume wa makamo, shati jeupe limenyooka, na kwa jua lile hana hata tone la jasho. Hakutoa salamu. Akaegemeza mkono juu ya friji, na friji likaanza kuunguruma. Sasa niambie wewe. Waya wa friji lile nilikuwa nimeuchomoa asubuhi, uko mapajani mwangu, nauchuna kwa kisu. Lilikuwa linaunguruma kwa umeme wa wapi?

"Naomba maji, kaka," akasema.

Nikachota kwenye mtungi. Akanyoosha mikono yote miwili kulipokea kopo, na viganja vyake vilikuwa vitupu kama sahani iliyooshwa. Hakuna mstari hata mmoja.

Ningependa kukwambia niliogopa. Hofu ilikuja, lakini nyuma ya wivu. Nilimtazama usoni kwanza, nikaona kumbe ni mzuri kweli, nikazidi kuchukia. Na ile sauti! Ndiyo hiyo hiyo ya upole aliyoisifia mke wangu.

"Mwalimu yupo?" akauliza. "Nimesikia hapa kuna mtu ananieleza vizuri. Kila ninaposomwa natukanwa. Nimekuja kumshukuru."

"Hayupo," nikamjibu. "Na aliyekwambia hivyo kakudanganya. Mke wangu anasema wewe ni mhusika bapa."

Bapa, kama hukupita darasani, ni mhusika wa hali moja mwanzo mpaka mwisho, hana undani, yaani chapati. Ndilo tusi kubwa nililokuwa nalijua katika fasihi. Nikaendelea. Nikamwambia anasema huna lolote, na wanawake wanaokufuata ni wajinga, na yeye ana mume wake anamtosha. Huo ulikuwa uongo na hata leo ningeusema tena.

Niliona limemwuma. Akanywa maji yale, koo likapanda na kushuka, akanirudishia kopo limejaa vilevile kama nilivyompa.

"Leo ameamkaje?" akaniuliza.

Nikafungua mdomo. Nikatafuta jibu. Asubuhi alipotoka nilimwona, hilo nina hakika, alipita hapa hapa mbele yangu. Lakini ameamkaje? Anaumwa kichwa? Ana furaha? Amelala vibaya? Yule mtu akatikisa kichwa taratibu kama mwalimu anayemwonea huruma mtahiniwa, akashuka barazani akaenda zake. Hakuwa amefika hata kona, friji likazima.

Mwanamvua aliporudi akaniuliza kama kuna mtu alikuja. Nikasema muuza mkaa. Sikumwambia yeye, wala wakati ule sikumwambia mtu yeyote. Friji nikalirudisha kwa mwenyewe bila kulitengeneza, na kazi za kwenda majumbani kwa watu nikaziacha. Nikawa nashinda nyumbani, naulinda mlango wangu. Nikajiona nimeshinda.

Wiki kadhaa zikapita. Siku moja yuko jikoni anapika kunde za nazi, mimi nimekaa kizingitini. Akasema bila kugeuka, bila hasira yoyote, "Baba Asha, kwa nini ulimwambia mie nasema ni bapa?"

"Nani kakwambia?"

"Mwenyewe."

"Lini?"

Akaonja chumvi kidogo. "Weye si hulala mchana?"

Tangu siku ile silali mchana. Nafumba macho tu. Shemeji anasema nimekonda, wateja wanasema nina ukali. Na kuna siku, nimelala hivyo nikijifanya, namsikia jikoni anacheka taratibu, kicheko ambacho mimi sijawahi kumchekesha. Nakurupuka, nakimbia, namkuta peke yake anamenya vitunguu. Ananitazama kama mgeni niliyefika saa mbaya.

Basi wewe unayecheka, nakuonya. Mkeo akianza kumsifia mtu, hata akiwa mtu wa kwenye karatasi, usimkatize na usimfokee. Mwulize anampendea nini. Mimi sikuuliza, na sasa naogopa kuuliza, kwa sababu najua atanijibu.