Kutu ya Mahali pa Vidole

Miaka ya themanini nilikuwa mtunza bastola wa kikosi chetu pale Kisumu, na kusema kweli nilipigana na kutu kuliko nilivyopigana na mtu yeyote. Kwetu milimani chuma ukikipaka mafuta kinatulia. Kisumu unakipaka jioni, asubuhi unakikuta kimelowa. Mwaka wa kwanza nilikasirika kila siku, halafu nikazoea kukasirika.

Bastola huanza kuoza kwenye slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma risasi inapotoka. Tulikuwa na slaidi za aina tatu. Za zamani zilikuwa zimechovywa kwenye dawa iliyozipa weusi wenye ubluu kwa mbali. Zilipendeza, lakini weusi wenyewe ulikuwa mwembamba kama ganda la kitunguu. Za kijivu zilikuwa na utando wa fosfeti, sura mbaya na zinakwaruza kiganja, ila zilinyonya mafuta na kuyashika. Halafu kulikuwa na mbili za nikeli, ziking'aa kama vijiko vya harusi. Kila askari alizitaka, na mimi nikawa nawaambia kwamba vyote ving'aavyo si dhahabu, wakanicheka.

Sajenti wetu, Mjaluo wa papo hapo ziwani, alibeba bastola nyeusi, ya mwisho iliyokuwa bado inatumika. Kila nikiisafisha, baada ya siku chache ilirudi na madoa ya kahawia nyuma ya slaidi, pande zote mbili. Mkuu wetu, mgeni kambini, alijua kwamba Sajenti ana mashua Dunga, ufukweni mwa ziwa, akakata shauri kwamba anavua samaki na silaha kiunoni. Akamwambia mbele yetu sote kwamba mkaguzi anakuja, na bastola ile ikionekana na kutu, atapendekeza avuliwe tepe zake. Sajenti alikuwa karibu kustaafu. Tepe tatu mkononi ndizo alizotaka kurudi nazo kwao, na nilimwonea huruma sana.

"Omera, ndugu yangu, mimi siendi na bastola ziwani," aliniambia. "Hiyo mashua iko na vijana wangu. Wewe unaniamini?"

"Mimi naamini kutu," nikamjibu. "Wacha tuiulize."

Nilichukua slaidi tatu mbovu zilizokuwa zimetupwa, moja ya kila aina, nikazipaka mafuta sawasawa, nikazitundika chini ya paa la kibanda cha Mama mmoja aliyekaanga samaki Dunga. Nikaziacha msimu wote wa mvua. Ile nyeusi ilishika kutu mwili mzima. Ya fosfeti ilikuwa na vidoa kidogo pembeni, basi. Ya nikeli ilibaki safi isipokuwa ukingoni, palipokuwa na mkwaruzo. Hapo kutu ilikuwa imepenya chini kwa chini na nikeli inabanduka kama rangi ya ukuta wa zamani. Nikeli ikishapasuka haina msaada, na huwezi kuitengeneza Kisumu.

Lakini hakuna hata moja iliyofanana na ya Sajenti. Ziwa lilikula kila mahali. Ya kwake ililiwa mahali pa vidole tu.

Siku niliyokwenda kuziteremsha, Sajenti alikuwa pale akila samaki, ngege wa kukaanga, na Mama akanilazimisha kuketi. Kwetu samaki hakuliwa. Tulimhesabu jamaa wa nyoka. Kwa hiyo mchana wenzangu wakienda Dunga, mimi nilikwenda mtaa wa Kondele kula maharagwe, na sikuwahi kuona wanavyomaliza kula. Sajenti alichukua nusu ya ndimu, akasugua vidole, akasugua kucha, akanusa, akaridhika, akajifuta kwa leso.

"Kwani maji hayatoshi?" nikamuuliza.

Mama akajibu kwa niaba yake. "Baba, bila ndimu hiyo harufu haitoki. Sabuni inadanganya tu."

Basi nikaelewa. Kikulacho ki nguoni mwako. Kila alasiri, akirudisha silaha, sheria ilimtaka avute slaidi nyuma nione kwamba haina risasi, na aliivuta kwa vidole vya ndimu. Nilikamua ndimu juu ya zile slaidi mbovu. Palipobaki weusi pakapauka kabla ya jioni. Hata fosfeti niliyokuwa naisifu ilififia, ingawa polepole. Nikeli nzima haikujali.

Tangu siku hiyo Sajenti alinawa kwa sabuni baada ya ndimu, na madoa yakakoma. Mkuu hakutaka kusikia. Alisema tutaona kwa mkaguzi.

Mkaguzi alikuja mchana. Desturi yake ilikuwa kushika kila bastola, kisha kuifungia ghalani kwa kufuli lake hadi asubuhi, ili aone kama ilisafishwa kwa maonyesho tu. Mkuu alimkaribisha samaki kwanza, na ndimu. Akaja mezani kwetu akijifuta vidole. Alinyoosha mkono. Sajenti hakumpa bastola.

"Afande," alisema, "naomba unawe kwanza. Kwa sabuni."

Mkuu alifumba macho. Mkaguzi akauliza kwa nini.

"Ndimu inakula chuma, Afande. Na kesho kutu itakuwa yangu."

Mkaguzi alinusa vidole vyake. Kisha akaomba beseni, akanawa mpaka kwenye vifundo vya mikono.

Asubuhi alifungua ghala, akapitisha kitambaa cheupe nyuma ya slaidi ile nyeusi, kitambaa kikatoka cheupe. "Sawa, Sajenti," alisema, Mkuu akisikia, akaendelea na bastola nyingine. Sajenti alipiga saluti, akatoka. Baadaye nilimkuta nyuma ya ghala, kiganja kimefunika tepe zake, analia kimya kimya kama mtu aliyerudishiwa mtoto.