Tamale Zilizogoma Kuiva

Nilipokuwa mtoto pale Kensington, Johannesburg, niliamini kabisa kuwa sufuria ina masikio. Aliyeniaminisha ni Mama Lupe, jirani yetu Mmeksiko, aliyemfundisha mama yangu kupika tamale: mahindi yanachemshwa na chokaa, yanasagwa, yanakandwa kwa mafuta, kisha yanafungwa kwenye maganda ya mahindi na kupikwa kwa mvuke. Ndani ya sufuria, chini kwenye maji, hutumbukizwa sarafu. Ikigongagonga, maji yapo, ikinyamaza, ongeza. Na mwiko mkubwa ni mmoja: penye watu walionuniana, tamale haziivi ng'o.

Sasa Jumapili ile jikoni kwetu walikuwamo mama, ambaye ni mtu wa Morogoro, na Gogo, kama tulivyomwita bibi mzaa baba, aliyekuja kutoka Soweto. Walikuwa hawasemeshani tangu Pasaka, Gogo aliponiomba nikaishi kwake na mama akakataa. Mimi ndiye niliyebeba maneno yao: mwambie Gogo asogee, mwambie mama yako chumvi imezidi. Nilichoka jamani, na niliogopa siku moja wangeniambia nichague.

Saa mbili zikapita. Mama Lupe alikuja, akafungua moja, akakuta uji mtupu. Akauliza nani kanuna. Wote wawili wakasema hakuna. Uongo wa mchana kweupe! Nikaropoka, "Ni hawa, kwa ajili yangu," nikaangua kilio.

Mama akaketi. "Sikukunyima mtoto, mama," akamwambia Gogo kwa Kizulu chake cha kuungaunga. "Akisahau Kiswahili, nitaongea na nani humu ndani?"

Gogo alijifuta mikono. Kisha akasema mwanawe, yaani baba yangu, alikwenda uhamishoni Tanzania akiwa kijana, akarudi na mvi, na mjukuu hakutaka ampotee vilevile. "Mlete Jumamosi," akasema. "Na wewe uje."

Mama Lupe akaongeza maji. Saa moja baadaye tulikula tamale laini, Gogo akila zake kwa achari.

Leo najua maji yalikuwa yamekauka. Sarafu ilinyamaza, wote wawili wakasikia, na kila mmoja akangoja mwenzake aanze kusema. Wajuaji huniambia basi ile ilikuwa imani tu. Imani gani tena? Walinuniana, na tamale hazikuiva.

Siku hizi napika mwenyewe. Mume wangu akiingia jikoni amenuna, namwambia aseme au atoke. Huwa anasema.