Konzi ya Majani ya Esnah Nyanchoka

Mimi mdomo wangu hauna breki, hilo Sosiot nzima wanajua. Lakini siku ile hata bubu angesema.

Kwenye sentaa yetu ya kupimia majani chai, Jumamosi ya mwisho ya Desemba, mwenyekiti wetu Mzee Johana husimama kando ya mizani na kusoma majina ya wakulima waliotuacha mwaka huo. Kila jina likisomwa, wanaume wanavua kofia na mtu wa marehemu anaweka konzi moja ya majani kwenye mizani. Mwaka jana yalisomwa majina sita: chifu mstaafu, mwalimu mkuu, watu wakubwa wakubwa. Esnah Nyanchoka hakuwemo.

"Mzee, umeruka mtu," nikasema.

"Caren, mimi nasoma rejista. Yule mama hakuwa na namba ya mkulima."

Namba! Nyanchoka alitoka Nyamira akiwa msichana, akakodi chumba nyuma ya posho mill ya kusagia mahindi, akatuchunia majani yetu miaka thelathini na moja. Alichuna majani mawili na chipukizi tu, basi. Nikichuna jani gumu ananipiga kidole: "Wewe Caren, hii unapelekea ng'ombe?" Nilipolazwa hospitali ya Kaplong miezi miwili na mimba ya mwanangu Weldon, nilirudi na mtoto mkononi nikidhani shamba limekuwa msitu. Kumbe alikuwa anachuna kila wiki, mvua ikimnyeshea, anapeleka sentaa kwa namba yangu, pesa ziingie kwangu. Nikamuuliza nimpe nini. Akasema, "Nipe huyo mtoto nimshike." Nilimpenda sana huyo mama, na sikumwambia hata siku moja.

Hakuzaa. Walimzika kwao Nyamira. Asiposomwa leo, nikajua, hapa hatatajwa tena.

"Hata tukisoma," karani Phelix akasema, "nani ataweka majani? Hana mtu hapa."

Oi! Hapo nikawaka. "Hana mtu? Kila aliyechuniwa majani na Nyanchoka ainue mkono!"

Nikainua wangu. Ukawa peke yake. Nikaona aibu, lakini sikuushusha. Halafu Chepkurui akainua. Zack wa posho mill akainua. Akina mama wa nyuma wakaweka vikapu chini wakainua, mpaka mikono ikaniziba nisione barabara nyuma yao.

Mzee Johana aliangalia rejista yake. "Wiki ile tulipomzika mke wangu Rebeccah," akasema polepole, "mimi sikuuliza ni nani aliyechuna shamba langu."

Akafunga rejista. Akavua kofia.

"Esnah Nyanchoka," akasema.

Weldon wangu, ambaye siku hizi ana ndevu, akapita mbele ya wote akaweka konzi ya kwanza. Tukapanga laini. Zamu yangu ilipofika nilifungua mkono kwanza nikayakagua majani yangu. Kulikuwa na jani moja gumu. Nikalitoa, nikalitupa chini, ndipo nikaweka.