Chupa ya Haidrojeni Ilipopasuka Usoni Mwangu

Mimi si msemaji. Darasani nilikaa nyuma, na mengi niliyaandika tu. Haya nawaandikia nyinyi mnaoumwa macho, msikate tamaa.

Nilitoka kijijini kwetu Bukiriro kuja kusoma sekondari Biharamulo. Vita vya mpakani vilipoanza, baba alikwenda na mgambo, na mwalimu wetu wa kemia naye akaenda. Tukawa tunajifundisha wenyewe. Zinki ya maabara ilikuwa imekwisha, basi tulipasua betri kuukuu za redio, tukasugua makopo yake ya zinki mpaka yakang'aa. Asidi ya betri ya gari tuliipata kwa dereva wa lori. Ili tupate haidrojeni, tukaweka vyote kwenye chupa ya soda, tukaziba kwa kizibo chenye mrija, ncha yake ndani ya beseni la maji.

Mapovu yalitoka kwa uvivu. Yustina, mwenzangu wa dawati, alichoka kungoja. Akautoa mrija majini.

"We Mhangaza, sogea uone! Unaogopa mapovu?"

Nikainama. Akawasha kiberiti kwenye ncha ya mrija. Kumbe hewa ilikuwa bado imo chupani, imechanganyika na haidrojeni. Chupa ikapasuka, lakini mlio sikuusikia. Nilihisi tu uso unaungua na asidi inawasha machoni kama pilipili.

"Maji! Mleteni kwenye pipa!" Yustina alipiga kelele. Walinishika kichwa wakamimina, wakamimina, huku damu ya shavuni ikiingia mdomoni.

Hospitalini walinitoa vipande vya chupa. Kope zilivimba, usaha ukazigandisha. Daktari alinifunga macho yote mawili.

"La kulia lina matumaini," alisema. "La kushoto, binti, sikuahidi."

"Nitasoma tena?"

"Tungoje."

Nilingoja gizani. Wodini walizungumza Kihaya na Kizinza. Kihangaza, lugha ya nyumbani, sikuisikia. Malori yalikuwa yamechukuliwa kwenda vitani, mama hakuwa na usafiri. Watu walikuja wakasimama karibu na kitanda. Nilisikia pumzi zao. Nikisema shikamoo, wengine waliguna "maskini" wakaondoka. Sikujua ni nani. Nililia ndani ya bendeji, na chumvi ya machozi ikaniwasha.

Kisha siku moja kitanda kilibonyea.

"Ni mimi, Yustina. Nitukane ukitaka."

"Kaa tu," nikamwambia. Akakaa. Hakuondoka mpaka nesi alipomfukuza.

Daktari alipofungua bendeji, kwanza niliona weupe, halafu vifungo vya koti lake. Vilikuwa vinne, nikavihesabu kwa sauti, nesi akacheka. La kushoto limebaki ukungu. La kulia ndilo ninaloandikia sasa.

Namshukuru Mungu, daktari, na wote walionimiminia maji. Wanafunzi wenzangu, iacheni gesi ya kwanza itoke yote, na moto uwe mbali na mrija. Asidi ikikuingia machoni, osha muda mrefu, usione aibu kulowa.

Nanyi mnaokwenda kumwona mtu aliyefungwa macho, mtajieni majina yenu. Halafu kaeni.