Kalenda ya Chooni kwa Mama Froukje

Mama yangu, Froukje Boersma, alitoka Uholanzi akashuka melini hapa Melbourne akiwa na miaka kumi na tisa, mume na masanduku mawili, akafua mashuka ya hospitali kwa miaka ishirini na sita. Hakuwa na ndugu hata mmoja nchi hii, kwa hiyo waliosafiri naye ndio akawafanya ndugu. Siku zao za kuzaliwa aliziandika kwenye kalenda ndefu isiyo na mwaka wala Jumatatu, akaitundika chooni, kama wafanyavyo watu wetu, ili kila anayekaa aone nani anafuata. Siku ya mtu ikifika, Mama alimpigia simu. Hakuwahi kumruka mtu. Aliyekufa hafutwi, anachorewa msalaba mdogo kando ya jina, na siku yake Mama humtaja kwenye kahawa ya saa nne.

Sasa ana miaka tisini, yuko kwenye nyumba ya wazee wetu wa Kiholanzi, na kalenda alikwenda nayo. Misalaba imekuwa mingi kuliko waliobaki. Macho yamefifia, hawezi tena kuisoma. Ndipo akaingia Renske.

Renske ni mwanamke wa miaka arobaini, amekuja kutoka Uholanzi mwaka juzi tu. Kila Jumatano anawapitia wazee, anarekodi habari zao na kukusanya vitu vya chumba cha kumbukumbu pale chini. Akimaliza, anamsomea Mama majina ya wiki hiyo, wanapiga simu pamoja.

Mimi naenda kila siku. Nakata kucha za Mama, nahesabu vidonge, nawauliza wauguzi kama amekula. Lakini Jumatano nikifika nakuta kicheko. Wanaongea Kiholanzi haraka haraka, lugha ambayo Mama hakutufundisha watoto wake kwa sababu aliambiwa tutabaki nyuma shuleni. Mimi najua kuomba chumvi na kusema asante. Nakaa pale natabasamu kama mgeni kwenye harusi ya watu.

"Anakwambia nini?" nilimuuliza Renske siku moja.

"Habari za melini. Yule baharia aliyemfundisha kuvuta sigara. Si unaijua hiyo?"

"Naijua," nikasema. Sikuijua.

Siku hiyohiyo Mama akaniambia, "Marga, nikifa kalenda mpe Renske. Itakaa vizuri kule chini."

"Na mimi je, Mama?"

"Wewe utaitia kwenye boksi. Chukua saa ya ukutani, bado inapiga."

Nyumbani nilimsimulia binti yangu, Tess. Akacheka mpaka akashika meza. "Mama! Unamwonea mtu wivu kwa kitu cha chooni? Kama mtoto wa chekechea!"

"Cheka tu. Na wewe utazaa."

Kesho yake, Alhamisi, niliichomoa kalenda ukutani chooni kwa Mama, nikaitia mkobani.

Jumatano iliyofuata Renske alitoka chooni mikono mitupu, akasema kalenda haipo. Mama akamgeukia, akasema kwa Kiingereza, ili na mimi nisikie, "Umeshaichukua? Mimi bado napumua!"

Renske akawa mwekundu. "Sijaigusa, Mama Froukje. Naapa."

"Na kuna mtu wiki hii. Najua kuna mtu. Nani?"

Hakuna aliyejua. Renske akanitazama. Mimi nikainama kufunga kamba za viatu vya Mama na, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Furaha ilikaa siku mbili. Ijumaa nilimkuta Mama hajagusa kahawa yake.

"Alikuwa Wiebe," akasema. Mzee Wiebe Hoekstra alilala kitanda cha juu ya kile cha baba yangu kule melini. "Jumatano ametimiza tisini na moja. Amekaa na keki karibu na simu kutwa nzima. Leo binti yake amewapigia wauguzi kuuliza kama nimekufa. Wiebe alikuwa ameshashika kalamu anichoree msalaba kwenye kalenda yake."

Kalenda ilikuwa bado mkobani mwangu. Nyumbani sikuitoa, niliogopa Tess ataiona. Nikaitoa, nikaiweka mapajani pa Mama. Akaipapasa pembe zilizochakaa.

"Kumbe ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ukaniacha nimwite mtoto wa watu mwizi."

"Unampa kila kitu, Mama. Hata habari za baharia."

"Wewe uliwahi kuniuliza? Kila siku unauliza vidonge." Akanisukumia simu. "Mpigie Wiebe. Halafu Renske."

Kwa watu wetu, simu ya siku ya kuzaliwa unaanza kwa kuimba. Nikaimba kwa Kiholanzi changu kibovu, nimechelewa siku mbili, Mama akinigongea mapigo kwa fimbo sakafuni.

Mzee Wiebe alisikiliza mpaka mwisho. "Nani wewe?"

"Marga, binti wa Froukje. Mama mzima. Kosa ni langu."

"Ahaa. Na yule mwingine yuko wapi? Yule anaimba vizuri."

Uso ukaniwaka. "Leo umenipata mimi, Mzee."

"Basi rudia," akasema, "safari hii polepole."

Nikarudia. Kisha nikaitafuta namba ya Renske. Simu iliita mara tatu, nami nikiomba asipokee.

Alipokea.