Kunguni wa Majani

Masika yakiisha, uwanda wa nyuma ya nyumba yetu kule Zinga ulinuka nyasi mbichi na udongo uliolowa, harufu nzito utadhani waionja ulimini. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Uhuru, nami nina miaka minane, kazi yangu kumchunga mbuzi wetu mmoja. Siku hiyo nilikuwa nimejilaza nikamwona kunguni wa majani, mdudu wa kijani mdogo kama punje ya mchele, ameng'ang'ania bua kichwa chini. Mgongo wake ukapasuka. Ndani akatoka mwingine, mweupe kama tui, na huyu alikuwa na mbawa! Nikasahau mbuzi, mbuzi akaingia kwenye mihogo ya jirani.

Baba alikuwa mwalimu wa madrasa, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi, ambaye sikuwahi kumwona akikaa chini pasipo mkeka. Aliponiuliza mbuzi alinitoroka vipi, nikamweleza niliyoyaona.

"Mdudu amejizaa mwenyewe?"

"Ndiyo, baba."

"Njia ya mwongo ni fupi, Mwanahawa."

Hakunichapa. Kwa siku tatu nilimwamkia, akaitikia marahaba, basi, hakuongeza neno. Mama alinisihi niseme nilidanganya, yaishe. Nusura nikubali. Asubuhi ya nne baba akasimama mlangoni akasema, "Haya, nionyeshe."

Tulingoja mpaka jua likapanda. Wadudu walitembea tu. Hatimaye mmoja akatulia, kichwa chini. Baba akainama, hakuona vizuri. Akapiga magoti. Mwisho akalala kifudifudi katika umande, na kanzu yake nyeupe. Tukaona yote: mgongo ukifunguka, miguu kama nyuzi ikichomolewa mmoja mmoja, mbawa zikikunjuka, kisha ukijani ukimwingia polepole.

"Subhanallah," baba alinong'ona. "Miaka yote napita hapa." Kisha akasema bila kunitazama, "Nisamehe, mwanangu."

Sikujua mtoto hujibu nini. Nikasema, "Marahaba." Baba akacheka hadi mdudu akaruka.

Uwanda ule sasa ni viwanja vya watu, umejaa kuta za matofali. Lakini kinachoniuma si hicho. Nami nilikuja kuwa mwalimu, miaka thelathini. Watoto wengi waliniambia mambo yasiyoingia akilini, na kila mara nilikuwa na haraka, kengele inalia. Sikumbuki hata siku moja niliyotoka kwenda kutazama.